Njia Namba Moja: Mbio Mbili za John Akii-Bua



Wiki hii sijawaletea mtakatifu. Nimewaletea mkimbiaji.

Uganda sisi tunaijua kwa Namugongo. Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, wapo mahujaji wa kanda hii ya ziwa wanaofunga safari kwenda kuwaheshimu Karoli Lwanga na wenzake. Huyu wa leo ni Mganda pia, ila hayumo kwenye kalenda ya Kanisa, na simwandiki kana kwamba yumo. Alikuwa askari polisi aliyekimbia mbio. Jina lake John Akii-Bua. Alifariki mwaka 1997, kwa hiyo wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa, na sitashangaa kama jina lenyewe ni geni kabisa.

Nimemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo hapa Bariadi linanifuata kila mara. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, linakuja. Bei ya pamba ikitangazwa ni ndogo, linakuja. Kijana akirudi kutoka machimboni mikono mitupu, linakuja tena. Swali lenyewe ni hili: mimi niliyepangiwa sehemu mbaya tangu mwanzo, kweli ninayo mbio ya kukimbia? Jibu la haraka sina. Ila ninazo habari za mtu, na naomba tuzisome taratibu.

Mtoto mmoja kati ya 43

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake 8 na watoto 43. Hebu simama hapo kidogo. Sisi Usukumani familia kubwa tunazijua, boma lenye ng'ombe wengi na watoto wengi si jambo la kushangaza, lakini 43! Kwenye nyumba ya namna hiyo hakuna mtu anayekaa akisubiri wewe peke yako ung'are. Unakula pamoja na wenzako, unachunga pamoja na wenzako, na ukipotea jioni inabidi wahesabu ndipo wajue.

Michezo ilikuwemo kwenye ukoo. Kaka yake, Lawrence Ogwang, alikwenda Melbourne mwaka 1956 kwenye Olimpiki, mara ya kwanza kabisa kwa Uganda kushiriki. Kwa John njia haikuwa nyoofu hivyo. Shule hakufika mbali. Alichunga ng'ombe wa nyumbani, kisha akafanya kazi kwenye baa ya kaka yake. Ungepita pale miaka hiyo ya 1960 ukaagiza kinywaji, ungehudumiwa na kijana mrefu asiye na cheti cha maana, ukalipa, ukaenda zako.

Baadaye akajiunga na Polisi ya Uganda, na hapo ndipo maisha yakageuka. Kwa nchi zetu hizi majeshi yamelea wanariadha wengi. Hata Filbert Bayi wetu alikuwa mwanajeshi. Sababu iko wazi: ukiwa jeshini una chakula, una mahali pa kulala, na kuna mtu wa kukuamsha alfajiri ukimbie, utake usitake.

Ndani ya polisi alikuwepo afisa aitwaye Jorem Ochana, bingwa wa kuruka viunzi. Huyo ndiye aliyemfundisha mwanzo, na alikuwa mkali. Alikuwa anaweka mti wa mlalo juu ya kiunzi, ule wa kurukia juu, ili kijana ajifunze kupita katikati akiwa ameinamisha kichwa na kifua. Ukijiinua, unagonga. Akii-Bua aligonga, na kovu la kwenye paji la uso likabaki naye.

Mwaka 1968 alijaribu kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico. Akakosa. Mwaka ule ndio mwenzetu John Stephen Akhwari alikimbia marathoni huko Mexico akaanguka, akaumia, na bado akafika mwisho wa mbio akichechemea. Habari hiyo kila Mtanzania ameisikia. Akii-Bua wakati huo alikuwa amebaki nyumbani, askari tu kati ya askari.

Viunzi kumi

Kipindi hicho hicho Uganda ilipata kocha wa taifa kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Akamtazama Akii-Bua, aliyekuwa akikimbia viunzi vya mbio fupi, akaona kwamba mahali pake ni mita 400 kuruka viunzi.

Kwa ambao hamjawahi kuiona mbio hii, niieleze. Ni mzunguko mmoja mzima wa uwanja, na njiani kuna viunzi 10. Kila kimoja kina kimo cha sentimita 91. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na kutoka cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni rahisi. Shida ni kwamba huwezi kukimbia tu. Lazima uhesabu hatua, maana ukifika kwenye kiunzi na hatua zimekaa vibaya, ama unasimama kidogo ama unakigonga. Na kadiri unavyochoka ndivyo hatua zinavyofupika, hivyo hesabu uliyoanza nayo haikufikishi mwisho. Katikati ya mbio, pumzi ikiwa imekata, unatakiwa kubadilisha hesabu.

Akii-Bua alijizoesha kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Hesabu ikibadilika, yeye hana hasara. Alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana iliyotiwa uzito, kilo zaidi ya 10, akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano. Siku ya mashindano ukivua ule uzito na viunzi vikashushwa, mwili unajiona kama umefunguliwa kamba.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Scotland, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akawa wa nne. Mwanamichezo yeyote atakuambia nafasi ya nne ndiyo inayouma kuliko zote: umewashinda karibu wote, na bado unarudi nyumbani shingo tupu. Mwaka uliofuata, 1971, alikimbia muda bora kuliko mtu yeyote duniani mwaka ule. Hata hivyo wataalamu wengi hawakumpa nafasi kubwa. Alikuwa hajashiriki mashindano mengi makubwa, na alitoka nchi ambayo haikuwahi kupata dhahabu hata moja ya Olimpiki.

Njia namba moja

Tunapowaandaa watoto wa hapa kwa ajili ya UMITASHUMTA, tunachora njia uwanjani kwa chokaa au kwa majivu. Watoto wapya wote wanakimbilia njia ya ndani kabisa, namba moja. Wanasukumana hasa! Wanaona ndiyo fupi. Inabidi kuwaeleza kwamba kwenye mashindano ya kweli wakimbiaji hawaanzii mstari mmoja. Wa njia za nje wanasogezwa mbele ili wote wamalize mita zile zile. Kwa hiyo ufupi haupo. Kinachobaki ni kona kali. Ukiwa njia namba moja kona inakukunja, mwili unavutwa nje, na kama kuna viunzi kwenye kona, kila ukitua lazima upinde tena wakati miguu inataka kwenda moja kwa moja. Tena kuna jambo lingine linalohusu moyo: kwa vile wenzako wote wamesogezwa mbele, mlio wa kuanzia unapolia, wewe unaona migongo. Machoni pa watu, na machoni pako mwenyewe, umeanza wa mwisho.

Kwenye fainali ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani Magharibi, tarehe 2 Septemba 1972, John Akii-Bua alipangwa njia namba moja.

Mbele yake alikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwepo pia Mmarekani Ralph Mann. Hemery aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua akabaki na hesabu yake, kiunzi kwa kiunzi, kwenye kona ile mbaya. Walipotoka kona ya mwisho kuingia kwenye mnyoofu, mtu wa njia namba moja alikuwa mbele. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Mann alifuata kwa 48.51, Hemery kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyewahi kumaliza mbio hiyo chini ya sekunde 48 kabla yake. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda.

Na hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akirukaruka, akiruka viunzi vilivyosimama na vingine visivyokuwepo, akiwapungia watu mkono. Kijana wa baa, mtoto mmoja kati ya 43, siku hiyo alikuwa anatazamwa na dunia.

Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, watu wenye silaha waliingia katika kijiji cha wanamichezo kule kule Munich wakawateka Waisraeli. Waisraeli 11 walikufa. Nataja hili kwa sababu furaha ya Akii-Bua haikutokea kwenye dunia nyingine iliyo salama. Ilitokea kwenye dunia hii hii yetu, na muda si mrefu dunia hiyo ilimfuata hadi nyumbani.

Nyumba ya zawadi

Wahubiri wengi wangeishia hapo. Umepangiwa sehemu mbaya, umejituma, umeshinda, Mungu ni mwema, amina. Mimi naomba tuendelee, kwa sababu alipopokea medali ile Akii-Bua alikuwa bado hajatimiza miaka 23. Maisha yake mengine yote yalikuwa yanamsubiri.

Uganda aliyorudi ilikuwa ya Idi Amin, aliyempindua Milton Obote Januari 1971. Obote alikuwa Mlango. Akii-Bua alikuwa Mlango. Baada ya mapinduzi, Walango na Waacholi wengi, hasa wale waliokuwa jeshini, waliuawa. Na katikati ya hayo Amin akampokea shujaa wa Munich kwa shangwe, akampandisha cheo katika polisi, akampa nyumba. Barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake.

Jiweke mahali pake. Watu wa kabila lako wanapotea, na wewe unatolewa kama mfano kuonyesha kwamba hakuna tatizo: si mnamwona Mlango huyu, anaishi vizuri, ana nyumba, ana cheo! Medali ya dhahabu imegeuka kuwa pazia la kufunika damu ya ndugu zako. Ukikataa, utakufa. Ukikubali, utaonekana mtu wao. Wapo watakaosema angefanya hivi au angefanya vile. Mimi simhukumu. Sisi tunaosoma habari hizi tukiwa tumekaa kwa amani, tuwe wapole kwa watu walioishi chini ya utawala wa namna ile.

Kimichezo nako akapoteza. Mwaka 1976 Olimpiki ilifanyika Montreal, Kanada, na dunia ilisubiri kumwona Akii-Bua akipambana na Mmarekani kijana, Edwin Moses. Mbio hiyo haikutokea. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zilijitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand hiyo hiyo ikaruhusiwa kushiriki Montreal. Uganda ilijitoa. Tanzania ilijitoa pia, na Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu mwaka 1974, naye hakukimbia. Mabingwa wawili wa Afrika Mashariki walibaki pembeni, kila mmoja kwenye ubora wake, kwa ajili ya haki ya watu wa nchi nyingine. Moses alishinda Montreal, na rekodi ya sekunde 47.82 ikavunjwa siku ile ile. Mwenyewe hakuwepo uwanjani kuitetea.

Mtume Paulo aliwahi kuwaandikia Wakorintho, watu waliopenda michezo kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga, kwamba taji la wanamichezo huharibika. Akii-Bua hakuhitaji kuelezwa. Taji lake lilidumu kwenye orodha za rekodi chini ya miaka minne.

Mbio ya pili

Sehemu inayofuata inatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Mwalimu Nyerere akaamuru Tanzania ijibu, na vijana wa mikoa yote wakaenda vitani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Kwetu hiyo ni habari ya ushindi, na ni haki tuwaheshimu waliokwenda na wasiorudi.

Lakini vita ina nyumba nyingi. Utawala wa Amin ulipokuwa unaporomoka, Akii-Bua alikuwa na hofu kwamba ataonekana ni mtu wa Amin, kwa kile cheo na ile nyumba. Akachukua familia yake wakakimbilia Kenya. Bingwa wa Olimpiki akaingia kambi ya wakimbizi. Kule kambini hakuna njia namba moja wala namba nane. Kuna foleni.

Nikisoma habari hizi nafikiria Yosefu akiamka usiku, akimchukua Mtoto na Mama yake kwenda Misri. Hatuambiwi katika Injili walikaa wapi huko, wala nani aliwapokea. Tunajua tu kwamba baba alibeba familia yake akaondoka, akiacha kila alichokijenga. Picha ya Familia Takatifu ukutani kwako, ukiitazama vizuri, ni picha ya watu waliowahi kuwa wakimbizi.

Aliyemtoa kambini hakuwa serikali wala rais. Ni kampuni ya viatu, Puma, ambayo viatu vyake alivikimbilia. Ilimchukua Ujerumani, akafanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Nchi ile ile aliyoizunguka akiruka kwa furaha, sasa yuko ndani yake kama mfanyakazi wa kawaida anayelisha watoto.

Mwaka 1980 alikimbia tena Olimpiki, Moscow, akiwa na miaka 30, kwa jina la Uganda. Alifika nusu fainali, akaishia hapo. Kwenye michezo hiyo hiyo Tanzania ilipata medali zake mbili za fedha, Bayi kwa mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwa mita 5000. Sisi tunaukumbuka mwaka ule kwa furaha. Kwa Akii-Bua ulikuwa mwaka wa kutoka mlangoni kimya kimya.

Alipotoka Ujerumani, alirudi Uganda. Nataka mlione hili, maana ndilo lililonifanya nimwandike. Uganda ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa bado kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ulaya kulikuwa na amani na mshahara. Yeye akarudi nyumbani akawa kocha. Mtu aliyewahi kuwa wa kwanza duniani akarudi kwenye viwanja vya vumbi kuwahesabia vijana hatua kati ya kiunzi na kiunzi, kama Ochana na Arnold walivyomhesabia yeye.

Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Mke wake alikuwa ametangulia. Aliacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Hakuishi kuona dhahabu ya pili ya nchi yake. Ilichukua miaka 40 kamili, hadi London 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni. Halafu mwaka 2021 huko Tokyo, Peruth Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, na mbio aliyoshinda ni ya mita 3000, nayo ya kuruka viunzi.

Tunabeba nini?

Vijana wenzangu, msinisome vibaya. Sisemi kwamba ukijituma utashinda tu. Hapa Simiyu nawajua wakulima waliojituma, mvua ikakatika, pamba ikakauka shambani. Nawajua wanafunzi waliosoma kwa taa ya sola hadi usiku wa manane na majina yao hayakutoka kwenye orodha. Kuwaambia watu hao kwamba hawakujituma ni dhambi ya ulimi.

Ninachokiona kwa Akii-Bua ni kingine. Alipangwa njia namba moja mara mbili. Mara ya kwanza kwa sekunde 47, mara ya pili kwa miaka 25 iliyobaki. Ile ya kwanza ilimpa dhahabu. Ile ya pili haikumpa kitu cha kushika mkononi: rekodi ikaenda, mashindano yakamkosa, nyumba ikabaki nyuma, nchi ikamgeuka. Lakini ukitazama vizuri, anakimbia kwa namna ile ile. Haangalii migongo ya walio mbele. Anahesabu hatua za kufikia kiunzi kinachofuata. Hesabu ikiharibika, anabadilisha mguu. Leo kiunzi ni kuvusha watoto mpaka. Kesho ni kuingia kazini kwenye nchi ya baridi. Keshokutwa ni kurudi nyumbani na kumfundisha kijana asiyejulikana.

Mara nyingi tunamwomba Mungu atubadilishie njia. Tunamwomba atutoe namba moja atuweke namba tano, kwenye kona nyepesi, kama yule jirani mwenye mjomba Dodoma. Kuomba hivyo si kosa. Hata Yesu pale Getsemane aliomba kikombe kimwepuke. Ila wakati jibu linasubiriwa, kiunzi cha kwanza kiko mita 45 mbele yako, na hicho kinawezekana kurukwa leo. Kidato cha nne kimekataa, je, chuo cha ufundi? Bei ya pamba imeshuka, je, familia yako inaweza kukaa chini pamoja mkapanga cha msimu ujao bila kugombana? Umerudi kutoka machimboni bila kitu, je, unaweza kwenda kwa mama yako, ukamsalimia, ukamwambia ukweli? Mungu wetu ni wa hatua moja moja namna hiyo. Hata mana kule jangwani aliitoa ya siku moja moja.

Na wewe ambaye njia yako imekuwa nyepesi, umefaulu, umepata kazi, nawe una lako hapa. Usifikiri medali itakulinda. Akii-Bua alikuwa na medali kubwa kuliko yoyote tutakayopata mimi na wewe, na siku ilipofika aliondoka nayo au bila nayo kama wengine wote. Kilichobaki kwake ni watu: mke, watoto, na vijana aliowafundisha. Basi tazama leo ni nani unamhesabia hatua.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni migongo ya nani ninaitazama sana hadi nasahau kiunzi kilicho mbele yangu? Ndugu yangu, mwanafunzi mwenzangu, mtu wa kwenye simu?

2. Je, kuna mgeni au mkimbizi wa aina yoyote karibu nami, aliyehamia mtaani kwetu akiwa amepoteza kila kitu? Nimeshamsalimia?

3. Nani alinifundisha kuruka, kama Ochana na Arnold walivyomfundisha Akii-Bua? Nimewahi kumshukuru? Kama yu hai, mpigie kabla ya Jumapili.

Tuombe

Ee Baba mwema, wewe unajua njia tuliyopangiwa kila mmoja wetu na kona zake zote. Tunakuomba nguvu ya kiunzi cha leo. Mpokee mtumishi wako John na wote waliokimbia bila kupumzika katika nchi zetu hizi za maziwa. Wasaidie vijana walio kambini usiku huu, mbali na nyumbani kwao. Na sisi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, utujalie tusikate tamaa kwa kuwa tumeanza nyuma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuombeane.